Mpelelezi Asiyetoka Kuze: Riwaya ya Upelelezi, Soko Lake na Msomaji wa Mombasa

Kuze ni mtaa mmojawapo wa Mji wa Kale wa Mombasa, na katika historia ya fasihi ya Kiswahili jina lake limefungamana na ushairi. Ndipo alipozaliwa Abdilatif Abdalla mwaka 1946, mtunzi wa Sauti ya Dhiki (1973), na mtaa huo umo katika mji ule ule uliomlea Muyaka bin Haji karne moja na zaidi kabla yake. Mhakiki akiitafuta tungo ya kisiasa, ya hekima, ya mahaba au ya majibizano, hahitaji kwenda mbali na vichochoro hivyo. Akiitafuta riwaya ya upelelezi, hali ni nyingine kabisa. Kisiwa cha Mombasa hakijatoa mpelelezi wa kimo cha Bwana Msa wa Unguja, wala jasusi anayejulikana kama Willy Gamba na Joram Kiango wa Tanzania Bara. Ilhali wasomaji wa aina hii ya riwaya wapo Mombasa, na wamekuwapo tangu vitabu hivyo vilipoanza kuuzwa.

Makala haya yanadhamiria kulichunguza pengo hilo. Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuiuliza riwaya ya upelelezi swali moja tu: je, ni fasihi dhati au ni fasihi pendwa? Swali hilo limekwisha kuzaa matunda yake, na mengi yake ni makavu. Rajmund Ohly alipoitafiti nathari ya miaka ya sabini katika kitabu chake cha 1981, alionyesha kwamba vijitabu vilivyodharauliwa na wasomi vilistahili kusomwa kwa makini kama dalili za jamii yake. Waliomfuata waliendelea kupanga rafu: hiki juu, hiki chini. Hapa swali litakuwa jingine. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi anakula wapi, kitabu chake kinampata msomaji kwa njia gani, na ni jambo gani katika maisha ya mji kama Kuze linalomzuia au kumruhusu kuandika?

Sitara na ufumbuzi

Umbo la Mji wa Kale laonekana kana kwamba limejengwa kwa ajili ya riwaya ya mafumbo. Nyumba zimebanana, ghorofa zainamiana juu ya njia nyembamba, madirisha ya juu yamuona mpita njia naye asiwaone walio ndani. Barazani hukaa wazee ambao hawakosi kujua nani kaingia wapi na saa ngapi. Mtunzi wa kigeni akiyaona haya hukimbilia kalamu. Ndiyo maana Mombasa imekuwa mandhari rahisi ya hadithi za kijasusi za Kiingereza, ambamo Ngome ya Yesu na bandari huwa pazia la nyuma, na wenyeji huwa vivuli vinavyopita mbele yake.

Lakini mwenyeji anajua kwamba umbo hilo ladanganya. Mpelelezi wa Arthur Conan Doyle, aliyeanza kazi yake mwaka 1887, alizaliwa katika London, jiji la watu wasiojuana. Ndiyo sababu ushahidi wake ulikuwa majivu ya tumbaku, tope kiatuni, mwandiko wa barua: vitu vinavyosema pale ambapo watu hawajuani. Katika mtaa kama Kuze hakuna mgeni wa namna hiyo. Kila mtu ni mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, aliyewahi kuolewa na fulani. Siri hapa ni lile ambalo nusu ya mtaa yalijua na hakuna alisemaye. Kwa hiyo kazi ya mpelelezi inageuka. Hana haja ya kulitafuta lililopotea; yampasa kulitamka lililofichwa kwa makubaliano.

Makubaliano hayo yana jina: sitara. Kumsitiri mwenzio ni sehemu ya uungwana na ya dini, na anayeifunua aibu ya nyumba ya watu haitwi mwerevu, huitwa mchongezi. Hapa ndipo riwaya ya upelelezi inapokutana na mgogoro ambao haukumkuta Doyle. Kanuni ya utanzu huu ni kwamba ukurasa wa mwisho lazima ufumbue. Kanuni ya mtaa ni kwamba mengine hayafumbuliwi hata na mauti. Ushairi wa Mvita ulipata njia ya kuishi na kanuni hiyo ya pili: fumbo. Mshairi hutunga, hadhira ikapasua, kila mmoja kwa kadiri ya alijualo. Aliyelengwa atajijua, na asiyelengwa atastarehe kwa uzuri wa maneno. Nyimbo za taarab ziliurithi ufundi huo, na leso zikauvaa. Jambo likasemwa bila ya kusemwa. Mji wenye chombo kikamilifu namna hii cha kuficha na kufichua kwa pamoja haukuwa na njaa kubwa ya nathari ya upelelezi.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alitoka katika jamii yenye sitara iyo hiyo, na bado aliandika. Ni muhimu kuangalia alivyoweza. Bwana Msa si polisi. Ana kiko chake na subira yake. Inspekta Seif ndiye mwenye sheria, na Najum ndiye rafiki wa kuuliza maswali ambayo msomaji angependa kuyauliza. Wahakiki wengi wamekwisha kusema kwamba sura hizi ni nakala za Sherlock Holmes na Dakta Watson, na kwa upande wa vazi hilo ni kweli. Ila nakala hii ina uhai wake. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na Kisima cha Giningi (1968), hofu ya mizimu na wachawi ndiyo inayoufunika uhalifu, nayo akili ndiyo inayolivua pazia. Kwa kufanya hivyo Abdulla aliupa ufichuzi uhalali: kinachoondolewa mbele ya msomaji ni uzushi, na hakuna mcha Mungu atakayelalamika kuona uzushi ukiondolewa.

Katika riwaya za baadaye hakuwa na kinga hiyo. Kiini cha fumbo kinahama kutoka kwenye maiti hadi kwenye nasaba: nani mwana wa nani, nani alimwoa nani, na nani hakupaswa. Hili ni eneo la hatari zaidi kwa jamii ya pwani kuliko kisu na damu. Yamkini ndiyo sababu taharuki ya Duniani Kuna Watu (1973) ni ya namna tofauti. Msomaji wa Kuze haogopi kwamba muuaji atatokea gizani, anaogopa kwamba ukoo mzima utaaibika mchana. Wahakiki wanaolalamika kwamba vitabu hivi vina msuko uliotatizwa mno na jamaa wengi mno wasome tena wakiwa na mti wa ukoo mkononi. Utata huo ndio mada yenyewe.

Kisha kuna suala la umbali. Abdulla alikuwa mwandishi wa habari. Alihariri gazeti la Zanzibari tangu 1948, akawa mhariri msaidizi wa magazeti mengine ya Unguja, na mwaka 1958 akahamia kwenye uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo la Tanganyika, alikodumu mpaka alipostaafu mwaka 1968. Riwaya zake nyingi ziliandikwa na mtu asiyekaa tena baina ya watu anaowasawiri. Na baada ya Mapinduzi ya 1964 watu hao wenyewe, au sehemu yao kubwa, walikuwa wametawanyika. Bwana Msa anaendelea kuvuta kiko katika hewa ya Unguja ya zamani. Ni rahisi zaidi kuifunua siri ya nyumba ambayo milango yake imekwisha kufungwa. Mtunzi aketiye Kuze na kuandika juu ya Kuze hana nafuu hiyo: siku ya pili barazani ataulizwa ni nyumba ya nani aliyokusudia, na atakapoapa kwamba ni ya kubuni hakuna atakayemsadiki.

Njia ya kitabu

Bwana Msa hakufika Mombasa kwa jahazi kutoka Unguja. Alipitia Nairobi. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya utungaji wa hadithi za Kiswahili ya 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, shirika la maeneo yote ya Afrika Mashariki, nalo ndilo lililokichapa kitabu. Ushindi huo ulikuwa tangazo la kwanza la mtunzi, na tangazo bora. Kabla ya msomaji kulijua jina lake, alikwisha kuambiwa kwamba kitabu kimepimwa na kupita. Baada ya Kisima cha Giningi, kilichotolewa na Evans Brothers wa London, riwaya nne zilifuatana mwaka baada ya mwaka: Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Zote zilitolewa na East African Publishing House, Nairobi. Huo ni mwendo wa mtunzi afanyaye kazi, aliye na mchapishaji anayemngoja. Mpelelezi anayerudi katika kila kitabu ni biashara kama alivyo sanaa: aliyemaliza kimoja huulizia cha pili kwa jina la Bwana Msa, hata kama amelisahau jina la Abdulla.

Kisha mwendo ukakatika. Kosa la Bwana Msa lilitoka mwaka 1984, miaka minane baada ya kitabu kilichotangulia. Historia ya kisiasa ina jambo la kusema hapa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo East African Literature Bureau kama chombo cha pamoja. Mwaka huo huo Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Haitakuwa haki kuubebesha mpaka peke yake mzigo wote wa kimya hicho. Mtunzi alikuwa mtu mzima aliyekwisha kustaafu, na kalamu ina majira yake. Lakini tarehe zinashuhudia. Mtunzi aliyekuwa akiishi Tanzania na kuchapishiwa Kenya alijikuta na kitabu upande mmoja na msomaji upande mwingine.

Kwa msomaji wa Mombasa matokeo yalikuwa ya ajabu. Vitabu vya Unguja vilivyopigwa chapa ya Nairobi kabla ya 1977 aliweza kuvipata na kuvisoma mpaka vikachakaa. Vile vya Dar es Salaam vilivyotoka katika miaka ya mpaka kufungwa vilimpita. Na hiyo ndiyo miaka ambayo riwaya ya kijasusi ya Tanzania Bara ilikuwa ikishamiri. Faraji Katalambulla alikuwa ameifungua njia kwa Simu ya Kifo (1965). Aristablus Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), akimtuma Nairobi kuziwahi nyaraka za siri zilizoibwa; akafuatisha Kikosi cha Kisasi (1979) na Njama (1981). Adui katika hadithi hizi ni ukaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wake. Kwa hiyo taharuki ina siasa ndani yake, na shujaa husafiri kwa ndege kutoka mji mkuu hadi mji mkuu, akilala katika hoteli kubwa. Mji wa Kale, wa Mombasa au wa Unguja, hauna nafasi katika ramani yake. Mtu kama Gamba angepita Kuze saa ngapi bila ya kuulizwa yeye ni nani na amemfuata nani?

Musiba na Ben Mtobwa wanatoa sura mbili za mwandishi anayeishi kwa utanzu huu, ama kwa pembeni yake. Musiba, aliyefariki mwaka 2010, alikuwa mfanyabiashara. Kitabu cha mwisho cha Gamba, Uchu, kilitoka mwaka 2000, miaka mingi baada ya kile cha kabla yake, na pengo hilo lasema wazi kwamba riwaya haikuwa ndiyo iliyoweka chakula mezani. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008 akiwa na miaka hamsini, alijaribu lile gumu zaidi. Alianzisha Heko, akachapa vitabu vyake mwenyewe, akavitangaza, akavisambaza. Hatimaye baadhi ya riwaya zake zikachukuliwa na East African Educational Publishers wa Nairobi, na ndipo Joram Kiango alipopata kuvuka mpaka kwa urahisi. Nchini Kenya David Maillu alikuwa amefanya jambo la aina hiyo mapema kwa Kiingereza, kupitia Comb Books, katika miaka ya sabini; vitabu vyake vikauzwa sana na kupigwa marufuku Tanzania. Hoja ya msingi ni moja: katika utanzu huu mtunzi akikaa kungoja mhariri agundue kipaji chake, atangoja sana. Wahakiki waliokiita kitendo cha kujichapia kuwa ni cha kibiashara walikuwa na mishahara.

Jina la kitabu

Tofauti ya masoko mawili yaonekana tangu kwenye jalada. Kufa na Kupona, Kikosi cha Kisasi, Njama, Hofu, Uchu: majina haya yanapiga kelele, tena mengi ni ya neno moja, kama sauti ya mchuuzi katika kituo cha basi ambaye ana nukta chache tu za kumshika abiria. Majina ya Abdulla hayapigi kelele. Duniani Kuna Watu ni msemo unaoweza kumtoka mtu barazani akitikisa kichwa. Mwana wa Yungi Hulewa lina mwendo wa methali. Mke Mmoja Waume Watatu ni kitendawili kamili, maana linaigeuza juu chini hesabu ambayo kila Mwislamu anaijua, na msomaji hawezi kutulia mpaka ajue kosa limeingia wapi. Ni majina yanayoweza kutiwa kwenye leso na yakasomeka vyema. Yanamtazamia mnunuzi mwenye muda, aliyezoea kukisimamia kitambaa dukani, kulisoma jina, kucheka kidogo na kumfikiria jirani.

Kwa kipimo hiki Abdulla, japo alikuwa Mzanzibari na japo alichapishiwa Nairobi, alikuwa akimwandikia mtu wa Kuze zaidi ya alivyofanya mtunzi yeyote wa Dar es Salaam. Alitumia fumbo kwenye jalada kumwingiza msomaji, kisha akavunja kanuni ya fumbo ndani. Inawezekana mvutano huo ndio unaozifanya riwaya zake zisomeke tena hata baada ya msomaji kulijua jibu, jambo ambalo ni nadra katika utanzu huu.

Soko la shule na sauti ya Mvita

Hata hivyo hoja ya sitara haitoshi peke yake. Mji uliothubutu kutoa mshairi aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijikaratasi chake cha kisiasa hauwezi kudhaniwa kuwa na watunzi waoga. Kuna sababu mbili nyingine, na moja ni ya kifedha. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za Kenya, na soko la riwaya likawa soko la darasani. Mtunzi aliyebahatika kuteuliwa aliuza kwa wingi usiolinganishika na wa dukani. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora ni mfano unaojulikana. Asiyeteuliwa aliuza kidogo sana. Riwaya ya upelelezi haina mahali pazuri katika mizani hiyo, kwa sababu mtihani hutaka dhamira zinazoorodheshwa, nayo hadithi ya upelelezi ina jambo moja tu kubwa la kuulizwa, na mwanafunzi wa mwaka uliotangulia amekwisha kulisema.

Lakini fumbo la nasaba lilipenya darasani kwa mlango mwingine. Siku Njema (1996) ya Walibora ni safari ya kijana kutoka Tanga kumtafuta babake asiyemjua. Ukiuondoa ujana wake na mafunzo yake, umebakia uchunguzi hatua kwa hatua, kila shahidi akimwelekeza kwa mwingine. Na kijana huyo amepewa jina la Kongowea, ambalo ni jina la kale la Mombasa. Walibora, mtu wa bara, aliliona ambalo watunzi wa kisiwani hawakulitumia: kwamba swali la baba ni nani laweza kuibeba riwaya nzima bila ya bastola hata moja.

Sababu nyingine ni lugha, na hii ni chungu zaidi. Mkutano uliokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, mwaka 1928. Kimvita kilishindwa nyumbani kwake. Baada ya hapo ushairi uliendelea kuruhusiwa lahaja yake. Ahmad Nassir katika Malenga wa Mvita (1971) na Abdilatif Abdalla gerezani walitunga kwa Kimvita na wakachapishwa, nao msomaji wa bara akakubali kwamba kuyatafuta maneno ni sehemu ya adabu ya kusoma. Nathari haikupewa ruhusa hiyo. Mashindano, wachapishaji na shule vilitaka sanifu, na kwa Abdulla hilo halikuwa gharama kubwa, kwa kuwa mazungumzo ya wahusika wake yalikuwa karibu na sanifu tangu mwanzo. Inspekta Seif aweza kuhoji na shahidi akajibu kama watu wanavyojibu Unguja. Mtunzi wa Kuze angelazimika kuwatoa wahusika wake ulimi.

Na katika riwaya ya upelelezi ulimi ni ushahidi. Mtu asemaye ndia na asemaye njia hawakulelewa nyumba moja. Mwenye kutamka kwa Kiamu mbele ya Wamvita amekwisha kusema alikotoka mamake. Katika mji ambamo fumbo kubwa ni nasaba, mpelelezi hodari angeanzia hapo, kwenye herufi moja iliyomponyoka shahidi alipoghadhibika. Riwaya iliyosanifishwa humnyang'anya mpelelezi huyo chombo chake kikuu kabla hajaingia kazini.

Mashindano yamerudi, safari hii bila ya serikali ya kikoloni. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na baadaye kuitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea miswada ya nathari kutoka pande zote za Afrika Mashariki, na Abdilatif Abdalla wa Kuze amekuwa mwenyekiti wa bodi yake ya wadhamini. Kama ilivyokuwa kwa Mzimu wa Watu wa Kale, mswada usio na jina unaweza kuanzia hapo na kutangazwa kwa ushindi wake. Swali lililobaki ni la mhariri atakayeupokea mswada wa upelelezi kutoka Mji wa Kale, wenye mashahidi kumi na wawili ambao kila mmoja anasema kwa lahaja ya nyumba yake, na kalamu nyekundu ikiwa mkononi mwake.